Sombe Juu, Chandarua Chini

Walionipigia simu kuniambia kwamba Mama Titilere amefariki walitarajia nilie. Sikulia. Nilimaliza kupanga orodha ya wanafunzi wangu, nikafunga daftari, nikarudi nyumbani kuchagua maharagwe, na kila jiwe nililolikuta kwenye ungo nililitupa kwa hasira hadi kuku wa jirani akatimua mbio. Titilere ndivyo tunavyomwita kwetu muuguzi mkuu wa kituo cha afya. Huyu alikuwa mkuu wa kituo kimoja cha msituni, upande wa Walikale, kwenye barabara ya kwenda Hombo, na mwaka nilipokuwa na umri wa miaka ishirini nilifanya kazi chini yake, nikalala nyumbani kwake, nikala chakula chake. Hakuwa mama yangu wala shangazi yangu. Hakunipiga, hakunitukana, hakunidhulumu. Nilimchukia tu, tena kwa uaminifu ambao sijawahi kumwonyesha mtu yeyote niliyempenda.

Hata hivyo nilikwenda kwenye kilio. Gari ilitoka Goma asubuhi, ikasimamishwa Mubambiro kama kawaida, tukashuka, tukaonyesha karatasi, tukapanda tena, tukapita Sake na kuanza kuikwea milima. Alikuwa amefia Lushebere, karibu na kambi ya waliokimbia vita, katika nyumba ya mbao ya vyumba viwili ambako hadi wiki yake ya mwisho alikuwa akitibu watu bila kulipwa na mtu. Nilijua nitaambiwa hayo, na niliambiwa kabla hata sijapewa kiti. Mchungaji alisema marehemu alikuwa mwanga. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema bila huyu mzee mtoto wake angekuwa udongoni. Mwingine akasema, "Ule mama alikuwa malaika, kweli," na wote wakaitikia, na mimi nikaitikia pia, kwa sababu sura yangu ilikuwa inaonekana. Nilikuwa nimeketi chini ya turubai, sahani ya bugali na sombe, mboga ya majani ya mihogo, magotini, nikiwaza kwamba malaika huyu alinilaza chumba kisicho na dirisha kwa mwaka mzima.

Ndipo nikamwona mtu mmoja asiyeitikia. Alikaa kwenye ncha ya benchi la nyuma, mwanamke wa umri wangu, mwembamba, sahani imejaa mbele yake na mkono wake haujaigusa. Kando yake palikuwa na msichana aliyejifunga kitenge hadi juu ya tumbo. Jirani yangu, mpishi wa kilio, akaniinamia. "Unaona ule? Ni wa huko Walikale, walifika ku kambi mwaka jana. Anakataa kula. Anasema hakukuja kulia, alikuja kuangalia kama kweli amekufa." Akasonya kidogo. "Na kila asubuhi anamubebea binti yake maji ya moto ya kuoga mbele ya kambi nzima, sawa mutoto ya mufalme. Batu wengine iko na kiburi hata ndani ya shida." Nilimtazama tena yule mwanamke, na nilipoyaona masikio yake madogo yaliyolala bapa kichwani, nikalirudisha tonge sahanini. Alikuwa Noella, rafiki yangu wa mwaka ule. Kwa miaka yote hii nilikuwa nimeamini kwamba barabara ile na misitu ile vimetutenganisha milele, nami sikuwa nimelisikitikia hilo.

Chumba alichonipa Mama Titilere kilikuwa stoo ya vyandarua. Mimi ni mtu wa milima ya Masisi, nimezoea baridi, viazi, maziwa na blanketi mbili. Nilifika pale na diploma yangu ya serikali ndani ya plastiki, na joto likanipokea kama mvuke wa sufuria. Ukuta ulikuwa wa mbao zenye nafasi katikati, sakafu ya udongo, kitanda cha fito. Pande zote tatu vyandarua vilipangwa hadi karibu na paa, kila kimoja ndani ya mfuko wake, na vilikuwa na harufu kali ya dawa iliyoniwasha macho. Nililala katikati ya vyandarua vyote vile bila chandarua hata kimoja. Siku ya tatu uso umeshajaa vipele, nikamwomba. Alikuwa anamenya mihogo jikoni, hakunyanyua hata kichwa.

"Iko na mimba?"

"Hapana, Mama."

"Iko na mutoto kifuani?"

"Hapana."

"Basi haiko yako."

Nilikwenda nikajifunika shuka hadi kichwani, nikamlaani kimoyomoyo. Baadaye nilipoingia chumbani mwake kufagia niligundua kwamba hata yeye hakuwa nacho. Badala ya kumheshimu kwa hilo nilizidi kumchukia. Nilijiambia anajionyesha, ingawa sijui alikuwa anajionyesha kwa nani, maana chumba chake hakikuwa kikiingiwa na mtu.

Kazi yangu ilikuwa jetoni. Mwanamke mwenye mimba alipokuja kituoni kwa mara ya kwanza, alipimwa, nami nikamwandika na kumkatia kikaratasi cha rangi ya manjano. Kikaratasi hicho ndicho kilichokuwa jetoni. Alikipeleka kwenye duka la barabarani, akaongeza pesa kidogo, akapewa chandarua. Mtoto akishazaliwa na kuchanjwa, alipewa jetoni nyingine. Waliotunga mpango huo walikuwa watu wa mjini, na mjini mpango kama huo hauna ubaya. Lakini duka lile lilikuwa mbele ya soko, na hakuna aliyeuziwa kifuko kile ila mwenye jetoni. Mwanamke akitoka dukani na kifuko mkononi, hata mtoto wa miaka mitano alijua anachokibeba tumboni. Na katika familia za pale mimba haikutajwa. Haikutajwa na mume, haikutajwa na mwenyewe, haikutajwa hata kwa kuulizwa. Ilisubiri mpaka asubuhi moja mama mkwe achemshe maji ya kuoga, ayabebe kwenye beseni na kuyaweka mbele ya mlango wa mkwe wake, watu wakiona. Basi. Baada ya beseni hilo kila mtu alijua, na bado hakuna mdomo uliokuwa umesema. Aliyesema kabla ya maji alihesabiwa kama amemwita mtu mbaya, mchawi, kwa jina.

Nilipoelezwa hayo nilicheka. Kwetu nasi kuna mambo yetu, lakini nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka shule, na kila kitu ambacho sikukielewa nilikiita ujinga. Mama Titilere hakucheka. Yeye pia alikuwa mtu wa Masisi, ila alikuwa ameishi pale kiasi cha kujua la kufanya. Alikusanya jetoni za wanawake wenyewe, akaenda dukani yeye, akarudi na vyandarua vyote pamoja kama vitu vya kituo, akavilundika chumbani kwangu. Kisha, nyumba moja baada ya nyingine, alivipeleka ndani ya kikapu cha mgongoni, kile cha kamba ya gome inayopita kwenye paji la uso, wanachobebea wanawake wa kule mihogo na kuni. Chandarua chini, majani ya sombe juu. Ukimwona njiani ungesema mama anatoka shambani. Akifika alimwita mwenye nyumba uani, akamwambia neno sikioni, akaacha sombe pamoja na kilichokuwa chini yake. Wenye nyumba walikula sombe ile jioni, na walio wengi hawakujua imeletwa kwa nini.

Noella ndiye aliyetupikia. Alikuwa mke wa mwindaji mmoja, nyumba yao nyuma ya yetu, na mwaka ule wote mtu pekee aliyenifanya nicheke alikuwa yeye. Alinifundisha kula lituma, ndizi na mihogo iliyotwangwa pamoja, kwa vidole vitatu bila kujipaka hadi kiwiko. Alinichagulia kipande cha nyama kisicho na risasi. Alipenda kuniuliza juu ya ng'ombe wa Masisi, kama ni kweli wanapewa majina, na nikimwambia ni kweli alipiga makofi. Asubuhi moja, tukichambua mchele nyuma ya jiko, alinyamaza ghafla, akatazama huku na huku.

"Dada, niandike. Lakini unaandika polepole."

"Nikuandike nini?"

"Ile yenye unaandikaka."

Alikuwa amepoteza mimba mbili. Mama mkwe wake, mzee mmoja mkavu tuliyemwita Koko, alikuwa ametamka mbele ya mwanawe kwamba hii ya tatu ikisemwa na mtu kabla hajaleta maji, yeye mkono wake hautakuwemo tena, na mwanamke atafute kwao. Noella alikuwa mwezi wa tatu. Alitaka chandarua kwa sababu homa ndiyo iliyochukua zile mbili, alilijua hilo kuliko sisi wenye madaftari. Nilimwandika, nikamkatia jetoni, akaikunja mara nne na kuitia ndani ya ncha ya kitenge. "Mama Titilere ataniletea," alisema. "Na sombe." Tukacheka wote wawili.

Jumapili iliyofuata baada ya hapo, nimeisimulia maisha yangu yote kwa namna moja. Nimemsimulia mume wangu, walimu wenzangu, hata dada mmoja niliyeketi naye kwenye gari siku hii hii ya kilio. Husema hivi: Mama Titilere alinituma nisome kanisani majina ya wanawake ambao hawajachukua vyandarua vyao.

Na kweli nilisoma. Baada ya mahubiri huja matangazo: mbuzi aliyepotea, kazi ya daraja, nani anamwoa nani. Nilisimama na karatasi yangu. Nina sauti nzuri. Si majivuno, ndiyo kazi inayonilisha hadi leo, kila mwisho wa mwaka mimi ndiye ninayesoma matokeo mbele ya wazazi na kila jina linafika hadi kwenye ukuta wa nyuma. Niliwasalimu, nikasema bamama wafuatao wenye mimba wanaombwa kufika kituoni kesho kuchukua vyandarua, kabla havijarudishwa. Majina tisa. Noella alikuwa wa sita. Kimya kilichoingia nilidhani ni cha usikivu, nikazidi kutamka vizuri. Niliponyanyua macho nilimwona Noella mikono ikiwa juu ya tumbo, kisha akaiondoa kama mtu aliyegusa chungu cha moto. Koko alisimama. Alikung'uta kitenge chake, akapita katikati ya kanisa taratibu, akatoka nje, na nyuma yake wakatoka wanawake wengine watatu wazee, mmoja mmoja. Mchungaji aliomba tuimbe. Walioimba walikuwa wachache.

Mchana ule ule walikuja wazee wawili na mume wa Noella. Mimi nilikuwa stoo, nimekaa juu ya kitanda cha fito, na kupitia nafasi za mbao nilisikia kila kitu, hadi kijiko kilichokuwa kinazunguka ndani ya kikombe cha Mama Titilere.

"Mama Titilere, nani alisema majina ya bamama ku kanisa?"

"Mutoto alisoma."

"Ule mutoto alikuja juzi. Hawezi kufanya vile yeye mwenyewe. Nani alimutuma?"

Kijiko kikasimama.

"Njo mie nilimutuma."

"Weye?" Hiyo ilikuwa sauti ya mume wa Noella, kijana mpole, na ilikuwa inatetemeka. "Weye mwenye unafunikaka na sombe?"

"Nilichoka. Goti inaniuma. Kosa iko yangu, mutoto muache."

Walizungumza muda mrefu baada ya hapo, kwa lugha yao, nami sikuielewa. Walipoondoka aliniletea sahani ya mihogo na samaki wa chumvi, akaiweka sakafuni kwa sababu mezani pangu palikuwa na karatasi.

"Mama, juu ya nini umesema vile?"

"Weye uko mugeni. Wakikufukuza leo, utapitia barabara gani? Mie wananijua." Akashika mlango. "Kula. Na usinishukuru."

Sikumshukuru. Hapo ndipo ninapoishia ninaposimulia, na wasikilizaji wangu hutikisa vichwa na kusema kumbe wakubwa wanaweza kuwatuma watoto vibaya hivyo. Nami huwaacha. Sasa mwenyewe yuko ndani ya sanduku na sina wa kunisuta, basi niandike: hakunituma. Ijumaa ya wiki ile goti lake lilikuwa limevimba kama papai, na kesho yake alipaswa kupanda pikipiki kwenda kwenye mkutano wa ofisi ya afya hadi Jumapili mchana. Alikuwa ameambiwa vyandarua vitakavyobaki mwisho wa mwezi vitarudishwa. Aliniwekea kikapu mezani, vyandarua tisa vimekunjwa bapa, fungu la sombe kando limenyunyiziwa maji. "Unapita kila nyumba. Unamwita inje, unamwambia kwa sikio. Usiseme ku njia. Ni siku mbili, tatu, haina mbio." Nikasema ndiyo, Mama. Alipoondoka nilikipima kikapu kile mgongoni, kamba ya gome ikanikata paji la uso, nikajiona kwenye kioo kidogo cha ukutani: msichana wa diploma, amebeba kikapu kama mwanamke wa kuni. Nilivua. Nilisema siwezi kupita sokoni hivi. Mvua ikanyesha Jumamosi, ikanipa sababu. Nilikificha kikapu nyuma ya mafungu ya vyandarua, na wakati sombe inaoza gizani mimi nilikuwa naandika majina tisa kwa mwandiko wangu mzuri. Niliona nimepata njia ya mkato, na niliona wao ndio washamba. Hayo ndiyo yaliyokuwa moyoni mwangu, na sitayapaka rangi.

Maji ya Koko hayakuletwa. Wiki ile ile Noella alivuka mto akarudi kwenye shamba la baba yake, mwendo wa nusu siku. Kituoni wanawake walikoma kuja. Benchi la nje, ambalo Jumanne lilikuwa halitoshi, lilikaa tupu hadi kuku wakataga chini yake. Barabarani watu walimsalimu Mama Titilere kwa midomo iliyobanwa, yeye aliyewazalisha wake zao, na mimi walinipa pole, mtoto wa watu aliyetumwa vibaya. Muuza mafuta ya mawese aliniongezea kipimo. Niliipokea pole ile na nikayapokea mafuta.

Baada ya wiki tatu nilibeba kikapu. Hakuna aliyeniagiza. Niliweka chandarua kimoja chini, sombe juu, nikaipitisha ile kamba kwenye paji la uso na kupita sokoni mchana kweupe, na hakuna mtu hata mmoja aliyegeuka kunitazama. Ndivyo ilivyokuwa rahisi. Nilimkuta Noella anachoma ndizi mbele ya kibanda. Tumbo lilishaanza kuonekana, lakini uso ulikuwa umepungua.

"Noella, nimekuletea. Hakuna muntu ameona. Niliweka sombe juu."

Alicheka, si kicheko chake. "Sombe ya nini sasa? Hata mbu ilisikia jina yangu."

"Ulale ndani yake tu. Ni ya mutoto."

"Mutoto gani? Mwenye iko na mutoto, mama mukwe anamuletea maji." Akakisukuma kikapu kwa mguu, polepole, hadi kikagusa magoti yangu. "Rudia nayo. Umwambie mama yako Titilere, jina yangu ilisikika muzuri."

Nafasi ilikuwa hiyo. Tulikuwa wawili, moto, ndizi zinaungua upande mmoja, na sentensi yenyewe ilikuwa fupi: si yeye, ni mimi. Nilifungua mdomo.

"Nitamwambia," nilisema.

Homa ilimpata Noella akiwa mwezi wa saba. Mtoto alizaliwa amekufa, mvulana; aliyetuletea habari alikuwa muuza ndizi, alisema akiwa bado ameshika baiskeli. Mama Titilere aliacha sindano kwenye sahani, akachukua mkoba wa dawa, akatembea nusu siku kwa goti lile. Walimfungia mlango. Aliongea na mlango kwa muda, akarudi, dawa zote bado ziko ndani ya mkoba. Alikaa jikoni na kunitazama. Nilisubiri. Nilitaka aseme, nilitaka anipige, nilitaka atamke neno ningeweza kulijibu kwa hasira. "Sombe imeisha," alisema. "Kesho uende kuvuna." Watu hudhani kubebewa kosa kunaleta upendo. Mimi kulinifanya nishindwe kukaa chumba kimoja na yule mama. Kila sahani aliyoniwekea niliiona kama anajua, na alikuwa anajua, na hakuwahi kusema. Mwaka ulipoisha aliondolewa pale, kwa sababu kituo kisicho na wanawake hakina maana, na kabla ya kuondoka aliniandikia barua ya kunisifu kwa mwajiri. Aliandika kwamba nina bidii, mwandiko safi, na sauti inayosikika. Barua hiyo ndiyo iliyonipatia kazi ya shule. Hakuna siku niliyoingia darasani bila kujua kwamba ni mkono wake ulionifungulia mlango.

Kwenye kilio niliweka sahani chini, nikaenda hadi benchi la nyuma. Noella hakunitambua.

"Noella. Mie njo nilikuwa naishi kwa Mama Titilere. Ku stoo."

Akanikagua kuanzia viatu. "Ah. Mutoto wa Masisi." Na kwa namna ambayo ilinikata, akasogea kunipisha nafasi. "Kaa. Weye pia ulikuja kumuangalia? Alikutuma vibaya ule mama. Nilikuwa ninakuhurumia."

Sikukaa. Nikikaa, nilijua, ningesema tena "nitamwambia".

"Hakunituma," nilisema. "Alinipatia kikapu. Alikunja zote tisa, akaweka sombe, akanionyesha namna ya kusema kwa sikio. Mie njo nilikataa kubeba. Niliona haya. Nikasoma ku kanisa juu ya kuepuka kutembea. Yeye hakukuwa hata pale. Alipofika aliwaambia wazee ni yeye, na mie nilinyamaza. Na kule ku shamba nilinyamaza tena."

Msichana aliacha kutafuna. Noella alinitazama, na nilikuwa tayari kwa kofi, nilikuwa hata nimelitamani. Hakunipiga. Macho yake yaliniacha, yakaenda kwenye sahani yake iliyopoa, kisha kwenye mlango wa ile nyumba ya mbao. Alisimama. Aliibeba sahani kwa mikono miwili, akapita kati ya watu, akaingia kulikokuwa na sanduku. Kupitia mlango niliona ameinama, midomo yake karibu na mbao, anasema kitu kwa sikio. Alikaa humo kiasi cha wimbo mmoja kuimbwa wote. Alipotoka hakurudi upande wangu. Alikwenda kwenye benchi la mbele, la wafiwa, wakamsogelea, akakaa, akanawa mkono, akaanza kula. Alikula bugali baridi na sombe iliyoganda mafuta, tonge baada ya tonge, machozi yanashuka bila kuyafuta, hadi sahani ikabaki nyeupe. Mpishi aliyekuwa amemsema vibaya alimletea maji.

Msichana alimfuata mama yake, akijishika kiuno kama wanavyojishika wanawake wakiwa karibu kujifungua. Alipofika alinigeukia. Hakunong'ona, bado kijana, sauti yake ilinifikia vizuri.

"Mama, ule ni nani?"

Noella hakugeuza kichwa.

"Ni muntu wa kusoma majina," alisema. "Usimwambie yako."

Msichana akavuta kitenge chake mbele ya tumbo, akanipa mgongo. Nilirudi Goma kwa gari la mwisho, na jina lake sijalijua hadi leo.